Bwawa la topesumu likianza kuonyesha dalili: tafuta chanzo kabla hujasema chombo ni kibovu

"Injinia, ile pizomita namba saba imepanda."

Simu za usiku kutoka mgodini huja hivyo, salamu fupi kisha namba ya pizomita, kile chombo kinachopima presha ya maji ndani ya tuta. Na mimi huuliza matatu: imepanda kiasi gani, tangu lini, na jirani zake zinasemaje? Mara nyingi kijana aliye upande wa pili hana jibu hata moja, na simlaumu. Alifundishwa kusoma chombo na kujaza jedwali. Hakufundishwa kubishana na jedwali lenyewe. Haya ninayoandika ni kwa ajili yake, na kwa yeyote aliyekabidhiwa bwawa la topesumu pamoja na funguo za kibanda cha dataloga, kile kisanduku kinachohifadhi namba za vyombo.

Kwanza tukubaliane tunasema nini. Wachimbaji wadogo huyaita mabaki yao marudio, kwa sababu hurudishwa kuchenjuliwa tena. Migodi mikubwa huyapeleka kwenye bwawa, yakiwa tope laini kama uji, na sisi tumezoea kuyaita topesumu. Jina hilo linavuta macho kwenye sayanidi na metali. Kinachoua watu wengi kwa mkupuo ni uzito wa tope na maji yaliyojificha ndani yake. Kule Brumadinho, Brazili, mchana wa tarehe 25 Januari 2019, tuta, yaani ukuta wa bwawa, lenye kimo cha mita 86 liliyeyuka, tope karibu mita za ujazo milioni 10 likatoka kwa muda usiofika dakika tano, na watu 270 wakafa. Bwawa lile lilikuwa halijapokea tope tangu 2016. Anayedhani bwawa likifungwa basi limepona, aanze na tarehe hizo mbili.

Kanuni yangu ni moja: chombo kikitoa namba usiyoipenda, ichukue kuwa ya kweli mpaka uithibitishe vinginevyo, na uithibitishe kwa miguu na macho, si kwa kukaa ofisini. Maneno "chombo kibovu" nimeyaona kwenye ripoti mara nyingi kuliko nilivyoviona vyombo vibovu vyenyewe.

Pizomita imepanda

Hakikisha kwanza kwamba imepanda kweli. Pizomita za waya unaotetema zina tabia inayowachanganya wageni: presha ya maji ikiongezeka, waya ndani unalegea, mtetemo unapungua, na namba ghafi kwenye kisomeo inashuka. Presha ikipungua, namba inapanda. Niliwahi kukuta daftari la miezi minne ambalo fundi aliandika "maji yanashuka, hali nzuri" kila Jumatatu, kumbe alikuwa anasoma namba ghafi na maji yalikuwa yanapanda muda wote huo. Hakuwa mvivu. Mtangulizi wake alikuwa ameacha kazi bila kumwonyesha karatasi ya vipimo vya kiwandani, ile yenye hesabu ya kugeuza namba ghafi kuwa presha. Karatasi hiyo ichapishe, ifunike kwa plastiki, ibandike ndani ya mlango wa kibanda.

Pili, ondoa hewa. Pizomita iliyozibwa hubeba pia uzito wa hewa ya juu, na katika ukanda wetu wa tropiki hewa hupumua mara mbili kwa siku: inakuwa nzito mnamo saa nne asubuhi na nyepesi mnamo saa kumi jioni. Tofauti hiyo ni kama sentimita tatu au nne za maji. Kwa hiyo ukisoma asubuhi wiki hii na jioni wiki ijayo, umejitengenezea mlima na bonde ambavyo havipo tutani. Soma saa ileile, au weka kipimahewa na utoe tofauti. Dalili ya hewa ni rahisi kuitambua: vyombo vyote hupanda pamoja na kushuka pamoja, hata kile kilicho kwenye ardhi asilia mbali na bwawa.

Ikiwa hewa haihusiki, na ni chombo kimoja au kundi la upande mmoja tu, sasa toka nje. Nenda kwenye mfereji wa chujio, lile tabaka la mchanga na changarawe linalotoa maji ya ndani ya tuta, ukapime mtiririko, kwa sababu presha peke yake ni nusu ya habari. Ukiwa na vyote viwili, mambo hujipanga yenyewe. Presha ikipanda na mtiririko ukipanda, maji yameongezeka: mvua, kidimbwi cha maji kilicho juu ya tope kimekaribia tuta, au mabomba ya kumwagia tope yamekaa sehemu moja siku nyingi. Hilo linatibika kwa pampu na kwa kuhamisha mabomba. Presha ikipanda huku mtiririko ukishuka, chujio linaziba. Maji yapo na hayana pa kutokea. Hapo usingoje mwisho wa mwezi, piga simu siku hiyohiyo kwa mhandisi anayewajibika na bwawa.

Hali inayonitoa jasho ni ya tatu, na ajabu ni kwamba kwenye jedwali inaonekana kama habari njema: presha imeshuka ghafla na mtiririko umeongezeka. Wengi hushangilia. Mimi huuliza maji yamepata njia gani mpya. Huenda chini kwa chini kuna mfereji mwembamba unajichimba ndani ya tuta, unabeba chembe moja moja. Presha ikishuka pamoja na mtiririko, kiangazi kikiwa kirefu na kidimbwi kikiwa mbali, ndipo unaweza kunywa chai yako.

Kuna chanzo kingine kinachosahaulika: uzito. Ukipandisha tuta haraka au ukimwaga tope nene juu ya tope laini, maji yaliyonaswa katikati ya chembe hubeba ule mzigo kabla hayajapata muda wa kutoka. Pizomita inapanda hata kama hakuna tone la mvua. Ulizia kasi ya kupandisha tuta mwezi huo. Kama presha inapanda kila mzigo unapoongezwa na haishuki kabla ya mzigo mwingine kuja, simamisha kupandisha. Meneja wa uzalishaji hatafurahi.

Pizomita imenyamaza, au inarudia namba ileile

Chukua mita ya kawaida ya fundi umeme. Koili ya pizomita nyingi za aina hii ina omu 150 hadi 180 hivi, ongeza kidogo kwa urefu wa waya. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, waya umekatika: greda, panya, au jembe. Ikionyesha omu chache mno, maji yameingia kwenye maungio. Kisha pima kipimajoto kilichomo ndani yake; vingi vina omu 3,000 kwenye nyuzi joto 25. Koili ikiwa nzima na namba bado zinarukaruka, shuku kelele za umeme kutoka kwenye pampu kubwa ya jirani, au radi. Kanda ya Ziwa radi haihitaji kutambulishwa. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa yanayopigwa sana duniani. Dataloga isiyo na kinga ya radi na waya mzuri wa ardhini haitamaliza misimu mingi.

Namba inayorudiwa ileile hadi tarakimu ya mwisho ni ugonjwa mwingine. Chombo hai hutikisika kidogo, digiti moja au mbili, kama mkono wa mzee ulioshika kikombe. Mstari ulionyooka kama rula maana yake dataloga imekwama na inarudia thamani ya mwisho, au, tuseme ukweli, mtu amekaa kivulini akapika namba. Nimekuta mabomba wima (mabomba yaliyosimikwa ili kupima kimo cha maji ndani yake) ambayo "yalisomwa" kila wiki huku kufuli limeshika kutu na halijafunguliwa tangu masika. Tiba ya upishi huo si kufoka. Mwambie msomaji apige picha ya kengele ya kupimia, ile inayoshushwa kwa kamba hadi iguse maji, ikiwa mdomoni mwa bomba, na punguza idadi ya visomeo visivyo na maana. Mtu anayetembea kilomita nane kwenye jua kusoma mabomba ambayo hakuna anayeyaangalia matokeo yake ataanza kupika tu, hata angekuwa mtakatifu.

Bomba wima nalo hujaribiwa kirahisi. Mimina ndoo ya maji, kisha tazama maji yanashuka kwa muda gani. Yakibaki pale pale siku nzima, chujio la bomba limeziba na unachosoma ni maji ya mvua iliyoingia juu. Lakini kumbuka, kwenye tope laini sana hata bomba zima huchelewa siku kadhaa, kwa hiyo linganisha na lilivyofanya lilipokuwa jipya.

Nyongeza moja kuhusu kile kipimajoto, kwa sababu wengi hukifuta kwenye jedwali wakidhani hakina kazi. Chini ya ardhi, mita nyingi kwenda chini, joto karibu halibadiliki mwaka mzima. Joto la chombo kimoja likianza kufuata joto la kidimbwi, yaani linashuka wakati wa mvua na kupanda kiangazi, maji mapya yanapita hapo. Hiyo ni dalili ya mvujo inayoweza kutangulia presha.

Maji ya mfereji yamebadilika

Kipimo cha V cha nyuzi 90, yaani ubao wenye mkato wa V unaowekwa kwenye mfereji kupima maji, ni kitu rahisi na kina mtego. Mtiririko hauendi sambamba na kimo: kimo cha sentimita 5 ni kama lita 0.8 kwa sekunde, kimo cha sentimita 10 ni kama lita 4.4. Kimo kimezidi mara mbili, maji yamezidi zaidi ya mara tano. Kijana akikuambia "maji yamepanda kidogo tu, sentimita mbili", mwambie alete hesabu, si sentimita. Na kabla ya hesabu, aondoe majani na ute uliokwama kwenye ncha ya V, maana uchafu huo hupandisha kimo bila kuongeza maji. Rula isomwe nyuma kidogo, si pale maji yanapoinamia kuanguka.

Maji yakiwa na rangi ya kutu na ute wa machungwa, ni madini ya chuma na vijidudu vyake. Havitishi leo. Baada ya miaka mitano vinaweza kuziba chujio lote, na ndiyo maana picha ya mdomo wa bomba ipigwe kila mwezi kutoka sehemu ileile.

Maji yakiwa na tope, chota kwenye chupa ya kioo, andika saa, iache dirishani hadi kesho. Mvua ikinyesha, udongo wa juu husombwa na maji huchafuka kwa saa chache kisha husafika. Lakini tope likija bila mvua, na chini ya chupa likiacha vumbi la kijivu linalofanana na lile la kwenye bwawa kuliko udongo mwekundu wa tuta, basi tuta linaliwa kutoka ndani. Ondoa watu walioko chini, kisha ndipo upige simu. Mfululizo huo usigeuzwe.

Mguu wa tuta una unyevu

Mgodi mmoja, Agosti moja kavu kabisa, mlinzi wa usiku alinijia akipangusa viatu.

"Mwanangu, kule chini vyura wanalia."

"Wanalia wapi, mzee?"

"Pale kwenye kona, karibu na mwembe. Tangu juzi. Kiangazi hiki chura analilia nini?"

Pizomita ya karibu ilikuwa mita 140 kutoka kwenye kona ile na haikuwa na habari. Tulikuta kipande cha nyasi mbichi ukubwa wa chumba na maji ya kina cha kidole. Swali la kwanza kwenye unyevu wowote ni maji ni ya nani: ya bwawa, ya bomba la maji safi lililopasuka, au ya chemchemi iliyokuwapo kabla ya mgodi. Pima chumvi kwa kipimo cha umeme wa maji, pima na asidi, halafu linganisha na sampuli ya kidimbwi na ya kisima cha kijiji. Safari ile ilikuwa bomba la maji ya kiwandani. Mlinzi aliona aibu, nikamwambia arudi kuniambia akisikia hata panzi. Nyasi za kijani kiangazi, matete yaliyoota yenyewe, ng'ombe waliobadilisha njia ya kwenda kunywa: hakuna kompyuta iliyounganishwa na hayo.

Maji yakiwa ya bwawa, usizibe. Kuziba tundu la chini kunapandisha presha ya ndani. Weka changarawe na mchanga safi juu yake ili maji yatoke na chembe zibaki, na uzito huo ushikilie mguu wa tuta wakati unasubiri mhandisi.

Prizimu zinasema tuta limesogea

Prizimu ni vioo vidogo vinavyofungwa kwenye tuta ili vipimwe kutoka kwenye nguzo iliyo mbali. Zikisogea zote pamoja kuelekea upande mmoja kwa kiasi kilekile, kuna uwezekano mkubwa nguzo ya kupimia ndiyo iliyosogea. Mikoa yetu ina udongo mweusi wa mbuga unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Nguzo iliyosimikwa humo hupanda na kushuka na inalitupia tuta lawama zake. Pima kutoka nguzo mbili zilizo kwenye mwamba. Prizimu moja tu ikiruka, angalia kama mbuzi ameikwaruza au greda imeigonga. Zikiyumba mchana na kutulia alfajiri, ni hewa ya moto inayopindisha mwanga. Pima alfajiri.

Yaliyobaki ni mwendo wa kweli, na hapo mwelekeo ni muhimu kuliko kiasi. Kushuka wima ni tope linajipanga, kawaida kwa miaka mingi. Kwenda nje ni tuta linasukumwa. Kilele kikishuka huku ardhi mbele ya mguu ikiinuka, tabaka fulani chini linateleza.

Halafu kasi. Milimita 30 kwa mwaka zilizo sawasawa hazinitishi kama milimita 5 zilizotokea ndani ya wiki mbili zilizopita. Mjapani Fukuzono alionyesha mwaka 1985 njia rahisi: chora kinyume cha kasi dhidi ya muda. Kasi ya milimita 2 kwa siku, kesho yake 3, keshokutwa 6, inakupa 0.5, 0.33, 0.17, na mstari unaoshuka kuelekea sifuri unakuelekeza kwenye siku ya kuanguka. Njia hii inafaa kwa tuta linalolalamika kabla ya kuanguka. Yapo yasiyolalamika, nitayafikia.

Picha ya satelaiti ina rangi nyekundu

Siku hizi ripoti za rada kutoka angani huja na rangi nzuri zinazowavutia wakubwa. Jua mipaka yake. Satelaiti hizi hupita karibu kutoka ncha hadi ncha ya dunia na kutazama pembeni, kwa hiyo mwendo wa mashariki na magharibi unaonekana, wa kwenda juu na chini unaonekana, lakini wa kaskazini na kusini karibu haupo. Tuta lako likitazama kusini na likisogea kusini, picha itabaki kijani. Pia tope bichi na nyasi ndefu hupoteza alama, na mahali pasipo na alama wachoraji huacha wazi. Pengo hilo si "hakuna mwendo". Kwa Sentinel-1, satelaiti ya rada ya Ulaya ambayo wimbi lake ni kama sentimita 5.6, mruko mkubwa kati ya picha mbili unaweza kuhesabiwa vibaya, hivyo mwendo wa haraka ndio unaoweza kupotea. Itumie kutafuta mahali pa kwenda kutazama.

Ufa

Methali ya kuziba ufa isikuhusu kwa siku ya kwanza. Ukiuziba umefukia ushahidi. Nyufa za kukauka zina umbo la magamba ya kobe na hazina kina. Chomeka fimbo, itagota upesi. Ufa mrefu unaofuata kilele, mmoja au miwili sambamba, hasa ncha zake zikipinda kuelekea bondeni, ni mdomo wa kitu kinachotaka kuteleza. Ufa unaokatiza tuta ni njia ya maji. Piga vigingi viwili kila upande, pima asubuhi na jioni, mimina chokaa ndani yake uone kama mstari mweupe unakatika, na ufunike kwa turubai mvua isiingie.

Kwenye mgodi wa Cadia, Australia, tarehe 9 Machi 2018, wafanyakazi waliona nyufa, watu wakaondolewa, na siku hiyohiyo tuta la bwawa la kaskazini likaporomoka. Hakuna aliyeumia. Chini ya tuta palikuwa na tabaka dhaifu ambalo wabunifu hawakulijua. Vyombo havikuwatoa watu pale; macho ndiyo yaliyowatoa.

Kidimbwi kimehama

Kidimbwi cha juu kinatakiwa kukaa mbali na tuta, mbele yake pakiwa na ufukwe mpana wa tope kavu. Kikisogea, chanzo karibu kila mara ni kazi ya kila siku: mabomba ya kumwagia hayakuzungushwa, mnara wa kutolea maji umeziba, pampu inasubiri spea. Merriespruit, Afrika Kusini, usiku wa 22 Februari 1994, kidimbwi kilikuwa kimeegemea ukuta, mvua ya kama milimita 50 ikanyesha, maji yakapita juu na tope likaingia kwenye nyumba. Watu 17 walikufa. Weka mti wa rangi tatu ufukweni unaoonyesha maji yamefika wapi, mlinzi aweze kuuona kwa tochi.

Kidimbwi kikipungua bila pampu kufanya kazi, au ukiona maji yanazunguka kama kwenye sinki, chini kuna tundu. Wanaochimba chini ya ardhi watoke kwanza. Mufulira, Zambia, mwaka 1970 tope liliporomoka kutoka juu hadi ndani ya mgodi na kuua wachimbaji 89.

Taa ya njano haizimiki

Tahadhari ikiwaka kila wiki, watu huzoea, kisha mtu mwenye cheo hupandisha kikomo ili izimike. Uliza kikomo kilitoka wapi. Kama kilichukuliwa kwa wastani wa visomeo vya zamani, kitalia ovyo kila masika. Kikomo chenye maana hutoka kwenye hesabu ya uthabiti: kwa kimo hiki cha maji, usalama wa tuta umebaki kiasi gani. Kubadilisha kikomo kuwe na sahihi ya mhandisi na sababu iliyoandikwa. Viwango vya kimataifa vya usimamizi wa mabwawa haya, vilivyotolewa Agosti 2020, vinataka kila bwawa liwe na mhandisi wa aina hiyo mwenye jina, na mtu wa ngazi ya juu wa kampuni anayewajibika. Jina lake ulijue.

Hakuna dalili yoyote

Hili ndilo gumu. Brumadinho kulikuwa na pizomita, inklinomita (za kupima kuinama kwa ndani ya tuta), alama za upimaji na rada ya ardhini. Droni ilirushwa juu ya tuta siku saba kabla na picha zake zilikuwa safi. Jopo la wataalamu lililochunguza lilisema hakuna chombo kilichoonyesha mabadiliko makubwa kabla ya kuanguka. Tope lile lilikuwa na chuma kingi kilichogandisha chembe zikawa ngumu kama biskuti: haipindi, inavunjika. Lilikuwa limejaa maji, tuta lilikuwa na mwinuko mkali, na mvua ya msimu ilikuwa kubwa. Mambo yote haya yalikuwapo kwa miaka, hayakubadilika ghafla, na chombo hupima mabadiliko.

Kwa hiyo ukiwa na tuta lililopandishwa kwa kujengwa juu ya tope lake lenyewe, lililolowa, na lenye tope jepesi kuvunjika, grafu tulivu haikujibu swali lako. Linajibiwa na vipimo vya koni vinavyosukumwa ndani ya tope, sampuli maabara, na kushusha maji mwaka baada ya mwaka. Na ofisi na kantini zisikae chini ya tuta hilo. Za Brumadinho zilikaa, na ilikuwa saa ya chakula cha mchana.

Ving'ora vya pale havikulia. Chako kijaribu, mchana, watu wakiwa na taarifa, na mtu asimame kijijini kwenye nyumba ya mwisho kusikia kama sauti inafika upepo ukiwa kinyume. Kisha chukua orodha ya simu iliyobandikwa kwenye kibanda upige zote moja baada ya nyingine. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, namba nne kati ya kumi na moja zilikuwa za watu walioacha kazi, na moja ilipokelewa na muuza samaki wa Mwanza aliyetaka kujua nahitaji kilo ngapi.